Maziwa ya Mti

Dukani kwa Mfinanga, nyuma ya stendi ya Moshi,
nimesimama kando ya dawa za kikohozi
nasoma kipakiti kidogo
kama mtu anayesomewa wasia wa babu.
Mfinanga ananitazama juu ya miwani:
"Dada, hicho hakisomwi. Huvaliwa."

Nacheka, lakini nasoma.
Maana tangu Kwaresima ya mwaka juzi
sili nyama, sili yai, sinywi maziwa,
na ukweni Uru wameshanisamehe mara tatu
na mara tatu wameniletea bakuli la kisusio.

Nilidhani mpira ni mti, basi.
Gome likichanjwa linatoa chozi jeupe,
chozi linadondokea kwenye kifuu,
na safari inaanzia hapo.
Kumbe kuna viwanda vinavyolilainisha chozi hilo
kwa protini ya maziwa ya ng'ombe.
Ng'ombe! Hata humu?
Hata taa ikizimwa na mlango ukikomewa
tupo watatu kitandani?

Nilipomweleza Elirehema alinyamaza.
Ni mtoto wa zizi huyu, alikata majani kabla ya kengele ya shule,
ada yake yote, darasa la kwanza mpaka chuo,
ilikamuliwa.
Akajikuna kidevu. Akasema:
"Ng'ombe yule alishanifanyia mengi.
Kwa hili, mwache alale."

Ila sikuanza na ng'ombe.
Nilianza na mfereji.

Ilikuwa msaragambo, mwezi wa tatu, mvua bado,
ukoo mzima tumeinama tunazibua mfereji wa juu.
Jembe la shemeji likaibuka na kitu
kirefu, chembamba, kimeshiba tope.
Wazee wakautazama mlima.
Vijana wakatazama viatu.
Bibi Ndeanasia, macho yake hayaoni vizuri,
akauliza huo ni utumbo wa nini.
Hakuna aliyejibu.
Maji yakaanza kupita, taratibu, kuelekea kwenye magimbi.

Mimi rangi ile niliijua.
Zambarau.
Krismasi tulipopanda nyumbani na mabegi na sukari
tulilala chumba cha uani,
na usiku dirisha lilifunguliwa kidogo, likafungwa.
Sikuuliza. Nani huuliza, saa ile?
Miezi mitatu migomba ilikuwa imeshakula
maganda, majivu, matambara, mifupa ya mbuzi wa sikukuu,
na kile kilikuwa bado kinang'aa
kama jana.

Kwa hiyo nasoma, Mfinanga. Niache nisome.

"Hizo ni za Ujerumani," anasema. "Elfu kumi na nane.
Hazina maziwa, wameandika.
Za bure zipo zahanati, boksi liko mlangoni, chota."
Elfu kumi na nane ni debe la mahindi, karibu.
Na Ujerumani hakuji kwa miguu:
kimepanda ndege hiki, kimekunywa mafuta
ili kije kuniokolea mfereji.
Boksi ni la karatasi, sawa,
lakini ndani, kila kimoja kimevaa koti la fedha
ambalo hakuna mgomba utakaolimeza.
Nakigeuza. Hakuna mahali palipoandikwa
kwamba kitaoza upesi.
Nimemheshimu aliyenyamaza kuliko ambavyo angedanganya.

Nyuma yangu kijana ananunua panadoli
ambayo wote watatu tunajua hakuijia.
Mfinanga anashusha sauti, si kwangu tu:
"Ya ng'ombe, ya mti, ya Ujerumani, ya zahanati.
Ghali kuliko zote ni ile iliyobaki mfukoni."

Nalipa.
Kijana anachota ujasiri, anaonyesha kidole rafu ya juu.

Nyumbani Elirehema amekata gazeti vipande,
kila kimoja ukubwa wa kiganja, cha kufungia,
ameviweka chini ya kitanda na ndoo yenye kifuniko.
Dirisha amelipiga msumari.
Juu kabisa kuna ukurasa wa michezo:
tumefungwa mbili bila, nyumbani.